Filamu za kale bila kusinzia: mwongozo kamili wa kuzichagua, kuziandaa na kuzitazama mpaka mwisho

Malalamiko ni yaleyale. Mtu anasikia filamu fulani ya mwaka 1927 au 1954 ikisifiwa dunia nzima, anaitafuta, anaiwasha, na nusu saa baadaye amelala na simu kifuani. Kesho yake anasema filamu za kale zinachosha, au anajilaumu kwamba hana akili ya kuzielewa.

Mara nyingi kosa si la filamu wala si la akili yake. Alitazama nakala mbovu, kwenye skrini iliyopangwa vibaya, na akaanzia mahali ambapo hata mtazamaji mzoefu huvuta pumzi kwanza kabla ya kuingia. Kabla ya kusema filamu inachosha, hakikisha kwanza kwamba umeiona.

Historia ya sinema tutaiacha pembeni. Twende kwenye kazi.

## Vinavyohitajika

- Skrini ya televisheni au kompyuta. Simu itakufaa kwa vichekesho vifupi tu. Waongozaji wengi wa zamani walijaza watu na vitu mpaka pembezoni mwa picha, na kwenye simu hivyo vyote hugeuka vumbi.
- Programu ya kuchezea video inayokuruhusu kubadili umbo la picha, kasi na manukuu, yaani yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. VLC ni ya bure na inafanya yote hayo.
- Hedifoni, au spika zilizo mbele yako.
- Chumba chenye giza. Filamu nyeusi na nyeupe huishi kwa vivuli, na taa ya juu ya kichwa huvifuta.
- Daftari na kalamu. Simu isitumike kama daftari, unajua itakakokupeleka.
- Muda usiokatwa: urefu wa filamu pamoja na dakika 10 za ziada.

## Hatua ya 1: Anza na filamu fupi, si filamu kubwa

Kosa la kwanza hufanyika kabla hujabonyeza chochote. Mtu anafungua orodha ya filamu bora za wakati wote na kuanza na namba moja. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huendesha kura ya namna hiyo kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Mwaka 2022 namba moja ilikuwa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975): zaidi ya saa 3 za mama mmoja akimenya viazi, akitandika kitanda, akipika, huku kamera imetulia tuli. Ni filamu nzito na inastahili heshima yake. Lakini waliopiga kura ni watu walioshaona maelfu ya filamu nyingine. Orodha ile haikutungwa ili kumwonyesha mgeni mlango.

Kanuni ninayoshauri ni hii: filamu tano za kwanza zisizidi dakika 100 kila moja, na kila moja iwe na swali unaloweza kulisema kwa sentensi moja. Swali hilo ndilo litakalokushikilia wakati macho yanapozoea mwendo mgeni. Kwa mfano:

Sherlock Jr. (Buster Keaton, 1924), dakika 45. Filamu bubu ya kuchekesha. Kijana anayeendesha mashine ya sinema anaota kwamba ameingia ndani ya filamu. Je, atatokaje?

High Noon (1952), dakika 85. Adui anakuja na treni ya saa sita mchana, na steringi anatafuta wa kumsaidia. Muda ndani ya hadithi unakwenda karibu sawa na muda wa saa yako.

Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (1948), dakika 89. Baba ameibiwa baiskeli, na bila baiskeli hana kazi. Ataipata?

12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957), dakika 96. Wanaume 12, chumba kimoja, uhai wa kijana mmoja mikononi mwao.

Borom Sarret ya Ousmane Sembène (1963), kama dakika 20. Siku moja ya mwendesha mkokoteni jijini Dakar. Ukiipenda, endelea na La Noire de... (1966) ya mwongozaji huyohuyo, ambayo ni ya kama saa nzima.

*Utajua umefanikiwa* ukimaliza mbili kati ya hizi, kila moja kwa mkao mmoja. Si lazima uzipende zote.

## Hatua ya 2: Hakiki nakala kabla ya kuitazama

Hapa ndipo wengi huangukia, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Filamu ya kale si kitu kimoja. Kwa jina lilelile kunaweza kuwa na nakala nne mtandaoni, moja nzima, moja iliyokatwa, moja iliyovutwa pande zote na moja iliyonakiliwa kutoka kanda ya video iliyochakaa. Ukichukua ya kwanza inayojitokeza, umecheza kamari.

Linganisha urefu. Tafuta urefu wa asili wa filamu, kisha tazama urefu wa faili ulilonalo. Metropolis ya Fritz Lang ilioneshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1927, kisha ikakatwakatwa na kuzunguka dunia ikiwa na hadithi pungufu. Mwaka 2008 nakala ndefu ilipatikana Buenos Aires, na toleo lililokarabatiwa la mwaka 2010 lina takribani dakika 150. Toleo la mwaka 1984 lenye muziki wa kisasa lina dakika 80 na ushei tu. Mtu aliyeona hilo la pili akasema hadithi haieleweki hajakosea, maana vipande vya kuieleza havimo.

The Gold Rush ya Charlie Chaplin nayo ina sura mbili. Ya 1925 ni bubu na ina kama dakika 95. Mwaka 1942 Chaplin mwenyewe aliifupisha hadi dakika 72 na kuweka sauti yake akisimulia. Zote ni halali. Mimi ningeanza na ya 1925, kwa sababu msimulizi wa ile nyingine anakuambia kitu ambacho mwili wa Chaplin umeshakuambia.

Tofauti ndogo isikutishe. Filamu ya sauti huenda kwa fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kwa sekunde, lakini televisheni za nchi nyingi zilikuwa zikitumia 25. Nakala zilizopitia huko hukimbia kwa asilimia 4. Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954) ni ya dakika 207. Ukiikuta ina 199, hiyo ni kasi tu, hakuna kilichokatwa. Ukiikuta na 160, iache.

Angalia rangi. Filamu nyingi bubu hazikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Ziliogeshwa rangi: buluu kwa usiku, manjano au kahawia kwa taa za ndani. Kwenye Nosferatu ya F. W. Murnau (1922) jambo hili ni la kufa na kupona, kwa sababu matukio ya usiku yalipigwa picha mchana na buluu ndiyo iliyoyageuza usiku. Ukipata nakala isiyo na rangi hiyo, utamwona mnyonya damu anayeogopa jua akitembea juani na jeneza lake, na utadhani waliotengeneza filamu hawakuwa makini.

Kinyume chake, kaa mbali na nakala za filamu za sauti nyeusi na nyeupe zilizopakwa rangi na kompyuta miaka ya baadaye. Mpiga picha alipanga mwanga kwa ajili ya nyeusi, nyeupe na kijivu. Ukimpaka mtu uso wa waridi juu ya kazi hiyo, kivuli kinakosa kazi ya kufanya.

Angalia kasi ya filamu bubu. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, na filamu nyingi zilikusudiwa kwenda polepole kuliko fremu 24, mara nyingi kati ya 16 na 22. Zikichezwa kwa 24 bila kurekebishwa, watu hutembea kama wamewashwa moto. Ile picha ya "sinema ya zamani watu wanakimbiakimbia" imetokana sana na uzembe huu. Ukiwa na nakala kama hiyo na huna nyingine, kwenye VLC bonyeza kitufe cha [ kupunguza kasi kidogokidogo hadi mwendo wa watu uwe wa kawaida, kisha zima sauti, maana muziki nao utavutika. Tahadhari: kwenye vichekesho, mara nyingine haraka ilikusudiwa. Pima kwa mtu anayepita nyuma bila kufanya kioja. Huyo akitembea sawa, kasi ni sawa.

Wapi pa kuzipata. Nchini Marekani filamu huwa mali ya umma miaka 95 baada ya kutolewa, na kila tarehe 1 Januari huingia za mwaka mwingine. Nchi nyingine zina hesabu zake. Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni, na Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, zina nyingi za kutazama bila malipo, na National Film Board of Canada imeweka maelfu ya filamu zake, za makala na za katuni, kwenye tovuti yake. Kumbuka kwamba hata filamu ikiwa mali ya umma, muziki mpya uliowekwa juu yake unaweza kuwa na mwenyewe.

Onyo moja: kuwa mali ya umma pia huzaa nakala mbovu, kwa kuwa yeyote anaweza kuitoa. Night of the Living Dead ya George Romero (1968) ilipoteza hakimiliki Marekani kwa sababu jina lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki halikurudishwa kwenye filamu. Tangu hapo imenakiliwa mpaka nyuso zimekuwa ukungu. Mwaka 2016 ilikarabatiwa upya kutoka kwenye mkanda wa asili wa kamera, na tofauti yake na zile za mitaani ni ya usiku na mchana. Ukiona maneno yanayoonyesha nakala imekarabatiwa, pamoja na jina la hifadhi ya filamu iliyofanya kazi hiyo, hiyo ndiyo ya kuchukua.

*Utajua umefanikiwa* ukicheza dakika mbili za katikati ya filamu na kuweza kusoma nyuso, kusikia maneno, na kuona urefu unalingana.

## Hatua ya 3: Irekebishe skrini

Televisheni mpya hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa ajili ya mpira na matangazo. Filamu ya kale inahitaji uzime vitu viwili.

Kwanza, mfumo wa kulainisha mwendo. Kila kampuni huuita kwa jina lake, lakini kazi yake ni moja: kubuni fremu za ziada katikati ya zile za kweli. Matokeo yake filamu ya 1960 inaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa jana. Ingia kwenye mipangilio ya picha uuzime. Televisheni nyingi za miaka ya karibuni zina chaguo liitwalo Filmmaker Mode ambalo huuzima pamoja na mapambo mengine. Likiwepo, chagua hilo na hatua hii imekwisha.

Pili, kuvuta picha ijaze skrini. Filamu nyingi za kabla ya 1953 zina umbo linalokaribia mraba, upana mara 1.37 ya kimo. Skrini yako ni pana zaidi, kwa hiyo lazima kuwe na mistari myeusi kushoto na kulia. Baada ya 1953 zikaja filamu pana sana, na hizo huacha mistari myeusi juu na chini. Mistari hiyo si hitilafu. Ukivuta picha kuifuta, watu wananenepa. Ukiikuza, unakata vichwa na miguu. Kwenye VLC kitufe cha A hubadilisha umbo. Bonyeza mpaka duara, kama gurudumu au sahani, lionekane duara.

*Utajua umefanikiwa* ukiona chembechembe za filamu zikitembea kidogo kwenye picha na gurudumu likiwa duara kamili.

## Hatua ya 4: Sauti na manukuu

Sauti nyingi za filamu hizi zilirekodiwa kwa chaneli moja. Zima athari za kuzungusha sauti chumbani, kwa sababu hutawanya maneno na kuyafanya yasikike kama yanatoka kisimani.

Midomo isipoendana na maneno kwenye filamu ya Italia, usihangaike kutafuta nakala nyingine. Waitalia waliingiza sauti baadaye, kwenye studio, kwa miaka mingi. Kwenye The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone (1966) waigizaji walizungumza kila mmoja lugha yake mbele ya kamera. Hakuna nakala duniani ambayo midomo yote inaendana.

Manukuu ndiyo maumivu ya kichwa. Yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile filamu nzima, tumia vitufe vya G na H kwenye VLC kuyasogeza. Yakianza sawa kisha yakazidi kupotea kadiri muda unavyokwenda, kuyasogeza hakutasaidia: yametengenezwa kwa nakala yenye kasi nyingine. Tafuta faili lingine linalolingana na urefu wa nakala yako. Wengi hukaa wakibonyeza G na H saa nzima kwa sababu hawajui tofauti hii.

Pima mapema. Ruka hadi dakika ya 60, sikiliza sentensi mbili, rudi mwanzo.

## Hatua ya 5: Vuka dakika 20 za kwanza

Kazi hii ni yako, mashine haikusaidii. Filamu za sasa huanza na kishindo kwa sababu zinajua una rimoti mkononi. Filamu za kale zilijua umeshalipa kiingilio na mlango umefungwa. Zinachukua muda wake.

Kwanza, tegemea giza. Lawrence of Arabia (1962) huanza kwa dakika kadhaa za muziki juu ya skrini nyeusi, na 2001: A Space Odyssey (1968) hivyohivyo. Watu wamezima mashine wakidhani imeharibika. Kwenye hiyo ya pili hutasikia neno la binadamu mpaka karibu dakika ya 25. Ukilijua hilo mapema, kimya kinakuwa cha kusubiria badala ya cha kukasirisha.

Pili, toa jicho lako kwenye mdomo wa mwigizaji. Tumezoeshwa kufuata maneno. Waongozaji hawa, hasa waliokulia kwenye filamu bubu, walisema mambo makubwa kwa nafasi: nani amekaa, nani amesimama, nani yuko karibu na mlango. Zoezi zuri liko kwenye 12 Angry Men. Mwanzoni kamera iko juu kidogo ya macho ya waigizaji. Katikati inashuka hadi usawa wa macho. Mwishoni iko chini, na dari inaanza kuonekana. Lumet pia alibadilisha lenzi ili kuta zionekane zikisogea. Chumba ni kilekile, lakini wewe unaanza kutoa jasho. Kila unapohisi kubanwa, tazama kamera iko wapi.

Tatu, usiingie katikati. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho (1960) alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza. Ukishaitazama utaelewa kwa nini, na sitasema zaidi.

Usitazame kwa kasi ya mara moja na nusu. Najua wapo wanaofanya hivyo na kusema wanaokoa muda. Kwenye filamu ya taharuki, muda wenyewe ndio bidhaa.

*Utajua umefanikiwa* pale utakapogundua kwamba umesahau kuangalia zimebaki dakika ngapi.

## Hatua ya 6: Badilisha aina kwa mpangilio

Ukishamaliza tano za kwanza, usijifungie kwenye aina moja. Kila aina hufundisha jicho jambo lake.

Vichekesho bubu hufundisha kutazama mwili. Filamu za makauboi hufundisha kutazama mandhari na umbali kati ya watu. Filamu za uhalifu za miaka ya 1940, kama Double Indemnity (1944), hufundisha kusoma vivuli: mara nyingi mistari ya pazia ukutani inakuambia mtu yuko gerezani kabla hajakamatwa. Filamu za muziki huwashinda wengi kwa sababu watu wanaanza kuimba barabarani bila sababu. Anza na Singin' in the Rain (1952), ambayo yenyewe inacheka jinsi sinema bubu ilivyohangaika kujifunza kusema.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye zile za polepole. Tokyo Story ya Yasujirō Ozu (1953) haina tukio kubwa kwa muda mrefu. Wazee wawili wanasafiri kuwatembelea watoto wao, na watoto wana shughuli nyingi. Kamera iko chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi sakafuni. Ukiitazama wiki ya kwanza utaona watu wanakunywa chai. Ukiitazama baada ya filamu kumi au kumi na tano, utamwona mtoto anayetazama saa.

Pia tazama kwa jozi. Yojimbo ya Kurosawa (1961) na A Fistful of Dollars ya Leone (1964) zina hadithi moja, ya pili ikiwa imeichukua ya kwanza. Zitazame siku mbili mfululizo na uandike yale ambayo Leone aliyabadilisha. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwa kusoma uhakiki kumi.

Filamu za Afrika zisiwekwe mwisho wa foleni kama nyongeza ya adabu. Cairo Station ya Youssef Chahine (1958) ina taharuki ya kumtosha mpenzi yeyote wa Hitchcock, na ni chini ya dakika 80. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty (1973) inakata picha kwa ujasiri ambao bado unashangaza. Itazame baada ya kuzoea, kwa sababu haikushiki mkono.

## Hatua ya 7: Filamu za makala zinataka maswali mengine

Filamu ya makala huwapoteza watu kwa njia tofauti. Hawalali, wanaamini kila kitu. Au wakisikia tukio fulani liliandaliwa, wanatupa filamu nzima. Njia zote mbili zinakunyima raha. Kabla ya kubonyeza, andika maswali manne kwenye daftari.

Kamera ilifikaje pale? Nanook of the North ya Robert Flaherty (1922) inaonyesha maisha ya Wainuit kaskazini mwa Kanada. Tunamwona Nanook na familia yake ndani ya nyumba ya barafu. Lakini kamera ya wakati ule ilikuwa kubwa na ilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo nyumba ile ilijengwa upande mmoja wazi. Aliyeitwa Nanook jina lake lilikuwa Allakariallak, na anawinda kwa silaha za mababu ilhali bunduki zilishafika huko. Filamu inabaki na thamani, ila sasa unajua unatazama nini: watu wa kweli wakiigiza maisha ya waliowatangulia.

Nani alilipa? Ile ya Nanook ililipiwa na kampuni ya biashara ya manyoya. Night Mail (1936), dakika 25 tamu kuhusu treni ya barua nchini Uingereza, ilitengenezwa na kitengo cha filamu cha posta yenyewe. Triumph of the Will ya Leni Riefenstahl (1935) ilitengenezwa kwa ajili ya chama cha Nazi, na mkutano wa Nuremberg ulioonyeshwa humo ulipangwa pamoja na kamera. Hii ya mwisho usiitazame peke yake bila maelezo ya kihistoria pembeni. Ustadi wake ndio hatari yake. Tazama na Night and Fog ya Alain Resnais, dakika 32 kuhusu kambi za mauaji, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1950.

Sauti ilitoka wapi? Kabla ya 1960 hivi, ilikuwa vigumu kubeba kamera na kinasa sauti pamoja na kumfuata mtu mitaani. Ndiyo maana makala za zamani zina sauti ya msimulizi anayejua kila kitu. Vifaa vilipopungua uzito, msimulizi akaanza kunyamaza na watu wenyewe wakasikika. Kwenye Night Mail hata wafanyakazi wanaopanga barua ndani ya behewa walipigwa picha studio, wakijiyumbisha kana kwamba treni inakwenda. Linganisha na Harlan County, USA ya Barbara Kopple (1976) kuhusu mgomo wa wachimba makaa wa Kentucky. Hapo hakuna wa kujiyumbisha. Risasi ni za kweli.

Nini kinarudiwa kuigizwa, na kwa nini? The Thin Blue Line ya Errol Morris (1988) inaigiza tukio la polisi mmoja kuuawa mara kadhaa, kila mara kwa mujibu wa shahidi mwingine. Uigizaji ule hauthibitishi kilichotokea. Unaonyesha jinsi ushahidi unavyogongana. Randall Dale Adams, aliyekuwa amefungwa kwa kosa hilo, aliachiwa mwaka 1989.

Ukiwa na maswali haya unaweza kwenda hata kwenye Man with a Movie Camera ya Dziga Vertov (1929), ambayo haina msimulizi, haina hadithi wala maandishi ya katikati. Tafuta pale anapoonekana mwanamke akikata na kuunganisha vipande vya filamu. Ni Elizaveta Svilova, mhariri wa filamu hiyohiyo unayoitazama.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kusema, baada ya filamu, kitu kimoja ambacho kamera isingeweza kukiona bila mtu kukipanga.

## Hatua ya 8: Andika mistari mitatu

Filamu ikiisha, kabla ya kusoma maoni ya mtu yeyote, andika: picha moja unayoikumbuka, mahali ulipochoka, na swali moja lililobaki. Basi. Mahali ulipochoka ni muhimu kuliko unavyodhani. Ukichoka mahali palepale kwenye filamu nyingi, kwa mfano kila kamera inapokaa muda mrefu bila kukata, umeshajua unachohitaji kuzoea na ni filamu zipi za kuahirisha kwenye ratiba.

## Ukikwama

Usingizi unakuja hata kwa nakala nzuri. Angalia saa uliyoanza. Filamu ya saa 3 haianzi saa nne usiku. Nyingi kati ya hizo zina mapumziko yaliyowekwa na mwongozaji mwenyewe; Seven Samurai inayo. Simama hapo, nyoosha miguu, au endelea kesho yake jioni. Kugawa pale alipogawa yeye si dhambi.

Huwatofautishi waigizaji. Hutokea sana kwenye nyeusi na nyeupe, wanaume wote wakiwa na kofia na suti. Simamisha filamu dakika ya 15, andika majina manne na alama moja ya kila mmoja: masharubu, miwani, sauti nzito, mguu unaochechemea.

Filamu inamdhalilisha mtu mweusi, mwanamke au taifa fulani. Itatokea, na si mara moja. The Birth of a Nation ya D. W. Griffith (1915) inawatukuza Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe wa Marekani, waziwazi, na bado imo kwenye vitabu kwa sababu ya ufundi wake. Huna deni la kuitazama ili kuthibitisha kwamba unapenda sinema. Ufundi uleule wa kukata kutoka tukio moja kwenda jingine utaupata kwa mamia ya wengine wasiokutukana.

Umefanya yote na bado huipendi. Nakala ni nzima, skrini iko sawa, hukuwa na usingizi, umefika dakika ya 40 na hakuna kinachokuvuta. Izime. Andika kichwa chake na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kisha chukua nyingine ya aina tofauti kabisa: kama ilikuwa tamthilia nzito ya Sweden, sasa iwe Keaton.